Wanangu wamenipangia pa kuishi, mimi sikuulizwa

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Naishi Bigwa, hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru nilikozaliwa. Nina watoto watatu na wote Mungu amewajalia. Wa kwanza ni wa kiume, yuko Dar es Salaam, amejenga Goba. Wa pili ni binti, ameolewa Mwanza. Kitindamimba anafanya kazi Muscat. Baba yao, ambaye alikuwa mtu wa Iringa, alifariki mwaka 2019. Tangu hapo naishi katika nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo kwa mishahara ya walimu wawili na mikopo ya SACCOS.

Mwaka jana niliteleza bafuni alfajiri nikavunjika mkono. Nililala pale chini mpaka jirani aliposikia naita. Sitaki kujifanya shujaa, niliogopa sana. Mwanangu wa Goba alifika siku hiyo hiyo, akasema mama sasa basi, unahamia kwangu. Sikubishana naye. Mkono ulikuwa umefungwa hogo, hata kuvaa kanga nilikuwa nasaidiwa.

Nasema ukweli mbele ya Mungu, kule Goba sikuonewa. Mkwe wangu ni binti mwenye adabu. Ananiamkia kila siku, anauliza nitakula nini, chumba changu kina choo ndani na televisheni. Lakini yeye na mume wake wanatoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni, wanarudi saa mbili usiku wamechoka. Wajukuu gari la shule linawapitia bado kuna giza, na wakirudi ni kazi za shule, halafu kila mmoja na tabuleti yake. Mchana nabaki mimi, dada wa kazi na geti. Nikishika ufagio naambiwa, "Mama, pumzika." Nikivuta ungo nichambue mchele, "Bibi, pumzika, nitafanya mimi." Nikasema basi nimfundishe mjukuu hesabu, maana hesabu ndiyo kazi niliyostaafu nayo. Akaniambia kwa upole tu kwamba shuleni kwao wanafanya kwa Kiingereza na kwa njia nyingine. Nimekaa pale miezi na miezi sijajua jina la jirani hata mmoja.

Huku Bigwa nina jumuiya yetu Jumamosi asubuhi. Nina kikoba cha akina mama na mimi ndiye mweka hazina. Nina kuku, nina migomba. Wanawake wanaoshuka na mboga kutoka mlimani wanapita mlangoni kwangu, tunasalimiana Kiluguru. Jioni watoto wa jirani wanakuja na madaftari yao.

Mwezi wa tisa tulipata msiba huku, nikaja kuzika. Matanga yalipokwisha sikurudi Goba. Nilikuwa nikiwaambia wiki ijayo, wiki ijayo.

Kisha likatokea la kuniumiza. Mjukuu wangu mkubwa alikuja kunisalimia, ana simu ya zamani ya mama yake. Akiwa ananionyesha picha, nikaona kundi la WhatsApp linaitwa "Masuala ya Mama". Wanangu wote watatu wamo, wakwe wamo, hata shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, yumo. Mimi simo. Nilisoma. Wamejadili dawa zangu za presha, wamejadili nani atoe kiasi gani, wamekubaliana nyumba ipangishwe, na mpangaji ameshapatikana, anataka kuingia Januari. Kitindamimba wangu ameandika, "Mama ataelewa tu."

Siku ya pili yake kaka yao akanipigia akauliza, mama, tukutumie gari lini? Sikumwambia nimeona. Nilisema nina mafua. Tangu siku hiyo simu zao nyingine sizipokei.

Binti yangu ameniandikia ujumbe mrefu. Anasema nawaaibisha, watu wanasema kaka yake amemtelekeza mama, na kwamba nikianguka tena usiku nikiwa peke yangu hawatajisamehe maisha yao yote. Shemeji naye amesema nyumba ni ya kaka yake na mimi ni mwangalizi tu. Ni kweli hati bado ina jina la marehemu. Hatukufungua mirathi, tuliona haraka ya nini wakati wote tunapendana.

Nisaidie. Je, mimi ni mkaidi? Nirudi Goba ili familia iwe na amani? Na hizi hela wanazonitumia kila mwezi bila kukosa, niwarudishie?

Mama wa Bigwa, Morogoro

JIBU

Shikamoo, mama yangu.

Hapana, wewe si mkaidi. Mkaidi angekana kwamba alianguka, au angesema mkwe wake ni mbaya ili apate sababu ya kuondoka. Wewe umesema yote mawili kwa haki. Na ndiyo, una haki ya kubaki kwako. Mzazi mwenye akili zake timamu ndiye anayeamua anaishi wapi, hata kama watoto ndio wanaonunua unga. Umoja wa Mataifa mwaka 1991 ulipitisha kanuni kuhusu wazee, na mojawapo inasema wazee waweze kuishi nyumbani kwao kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Nakuwekea hapa kwa sababu najua siku ya kikao kuna mtu atasema mambo ya kukaa peke yako ni ya mama tu na tamaa ya kuku zake.

Lakini leo, kabla ya jambo lingine lolote, pokea simu ya mwanao. Usingoje hasira ipoe. Kuna mpangaji anayesubiri Januari, na unajua wapangaji wetu hulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Ikishapokewa, utakuwa na ugomvi na mtu wa nje ambaye hana kosa. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Baba, nimeona kundi lenu. Nimeumia. Nyumba haipangishwi, usipokee hela ya mtu, na kama umepokea mrudishie. Nakuomba uje Bigwa Jumamosi tuzungumze." Basi. Usieleze zaidi kwenye simu, usilie kwenye simu ukiweza. Mengine yangoje akae mbele yako.

Na umwambie kwamba umeona. Mama, hili la kusema una mafua ndilo linaloendelea kuwapa nguvu. Mama asiyepokea simu, mwenye presha, aliyewahi kuokotwa bafuni, machoni pao ni mama anayehitaji kuchukuliwa hata kwa nguvu. Kila simu unayoiacha iite inawathibitishia kile wanachokisema kwenye lile kundi.

Nafikiri sana juu ya hao watoto wako. Baba yao wameshamzika. Kisha siku moja alfajiri wakaambiwa mama yuko sakafuni na hajulikani amelala pale tangu saa ngapi. Anayepokea simu ya namna hiyo hasahau. Mwanao hakukwambia, "Mama, naogopa." Wanaume wetu wachache wanaweza kumwambia mama neno hilo. Badala yake alileta gari, akatafuta chumba chenye choo ndani, akatafuta mpangaji. Hofu yake imegeuka mipango. Binti yako amekaribia zaidi kusema ukweli aliposema hawatajisamehe. Mstari ule uusome tena, uache yale ya aibu na ya watu wanasema nini.

Hofu hiyo ni ya haki kabisa na inahitaji kujibiwa. Ukisimama kwenye kikao ukasema tu "sitoki kwangu", utakuwa umeongea na amri yao, na hofu yao utakuwa umeiacha pale pale.

Kuhusu kundi, wamekosea, na nalisema kwa uzito kwa kuwa wanasoma hapa watoto wengi wa umri wao walio na makundi kama hayo kwenye simu zao. Kuchanga kwa ajili ya mama ni jambo jema. Kuwa na mahali pa kukumbushana nani amelipa na nani bado, hakuna ubaya. Lakini huyu ni mwanamke ambaye akina mama wenzake wamemkabidhi fedha zao azitunze, na hesabu zake zinakubaliwa kila kikao. Jirani anamwamini fedha, halafu watoto aliowazaa hawamwamini kuchagua alale wapi? Shemeji ameingizwa humo, na wakwe, na mwenye mambo hayumo. Liiteni jina mnalotaka, ila mama awemo, na asomapo akute mmeandika kama mnavyoongea naye mkiwa mmekaa mkekani.

Kuna jambo jingine nataka mwanao wa Goba alisikie, maana naamini hajawahi kuambiwa. Kumpumzisha mzazi kutwa nzima si kumlinda. Misuli ya miguu isiyotumika hulegea haraka kuliko tunavyodhani, na kwa mtu wa umri huo, miguu iliyolegea ni miongoni mwa sababu kubwa za kuanguka. Mama anayekwenda jumuiya kwa miguu, anayeinama kuokota mayai, anayepanda kibaraza mara kumi kwa siku, anafanya mazoezi ambayo kiti cha sebuleni hakimpi. Kwa hiyo kule mlikoona kuna usalama kuna hatari yake, inakuja taratibu na haipigi kelele. Na hapo sijasema habari ya moyo. Mtu aliyeamka alfajiri kwa miongo mitatu ili watoto wa watu wajue kujumlisha na kutoa, ukimnyang'anya ungo na ufagio ukamwachia rimoti, unamwambia kwa upole kwamba kazi yake duniani imekwisha. Mkwe wako hakukusudia hivyo. Amelelewa kuona mama mkwe hafanyi kazi nyumbani kwake, na angekuacha ufagie, mama yake mwenyewe angemsema. Siku mkipata nafasi mwambie, "Mwanangu, nikija kwako niachie jiko Jumapili." Atafurahi kujua.

Sasa nije kwenye lile uliloliandika kwa mistari miwili, tena mwishoni. Mama, kati ya yote uliyoniandikia, mirathi ndiyo iliyonikosesha raha.

Hati ina jina la marehemu na mirathi haijafunguliwa tangu 2019. Maana yake, kwa sasa hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuiuza au kuihamisha nyumba hiyo, si mwanao, si shemeji. Kwa upande mmoja hilo linakulinda. Kwa upande mwingine, siku mmoja wenu akikorofishana na mwenzake, au ukiondoka wewe duniani ghafla, mtaanza kutafuta vikaratasi katikati ya msiba. Kupendana hakuzuii haya. Familia zinazopendana ndizo zinazoahirisha, na wanaokuja kugombana ni wakwe na wajukuu.

Maneno ya shemeji kwamba wewe ni mwangalizi tu hakuyatunga. Kuna kanuni za mila zilizotangazwa rasmi mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata upande wa baba, na ndani yake mjane hapewi fungu kama warithi wengine, anaachiwa kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Tanzania walilifikisha jambo hili kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema haki zao zilivunjwa na kanuni hizo zirekebishwe. Kwa hiyo usiidharau kauli ya shemeji, wala usiikubali kana kwamba ndiyo neno la mwisho. Sheria ipi itatumika kwenu inategemea mambo mengi: ndoa yenu ilifungwa wapi, mliishi kwa taratibu zipi, dini yenu. Tena nyumba hiyo haikuwa ya kurithi kutoka Iringa. Mmeijenga wawili kwa mishahara miwili. Tafuta karatasi za mikopo yako ya SACCOS, risiti za saruji na mabati zenye jina lako, barua ya kiwanja kama ipo, hati za mshahara wa miaka ile. Weka zote kwenye bahasha moja. Mchango wako ulionekana na kila mtu wakati wa kujenga, ila mahakamani utaonekana kwa karatasi.

Kisha tafuta msaidizi wa kisheria. Morogoro wapo, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kazi yao inatambuliwa rasmi, kwa hiyo usiogope gharama. Utahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na muhtasari wa kikao cha familia kinachopendekeza msimamizi wa mirathi. Familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo, msaidizi huyo atakuambia yenu ianzie wapi. Hakuna kinachokuzuia wewe mwenyewe kupendekezwa kuwa msimamizi. Lielewe hili wewe, na uwaeleweshe wenzako kikaoni: msimamizi si mmiliki. Anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa warithi, na anatoa hesabu mahakamani. Ukishajua fungu lako ni lipi, andika wosia wako, mbele ya mashahidi ambao hawarithi chochote humo. RITA wanaandika na kuhifadhi wosia.

Kikao chenyewe kifanyike Bigwa, sebuleni kwako, si Goba. Mwanao hana kisingizio cha umbali. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ni safari ya saa mbili hivi, anakuja asubuhi na jioni yuko kwake. Wa Mwanza na wa Muscat wawe kwenye simu ya video, mjukuu aishike. Na kaka yako awepo. Wewe ni Mluguru, unajua uzito wa mjomba kwenu, ambako ukoo unafuata upande wa mama. Kama shemeji atakuwepo kusema upande wa marehemu, mjomba wa watoto akae upande wako. Hii haina maana ya kutafuta vita. Kikao kikiwa na mtu mzima mmoja wa kila upande, watoto hupunguza sauti.

Hapo ndipo uwajibu ile hofu. Uwaonyeshe mpango uliokwisha kuuanza, siyo ahadi.

Anza na bafu. Chuma cha kushikia kipigiliwe ukutani karibu na choo na pale unapooga, fundi wa kawaida anamaliza mchana mmoja. Mkeka wa mpira chini. Taa inayowashwa kutoka kitandani, si mpaka upapase ukuta. Ndala zilizoisha soli zitupwe. Halafu nenda kliniki na dawa zako zote mkononi, za presha na nyingine yoyote unayomeza hata ya kienyeji, umwambie daktari kwamba ulianguka alfajiri ulipoinuka. Dawa za presha huweza kumfanya mtu apate kizunguzungu anaposimama ghafla, na wakati mwingine ni suala la kubadilisha dozi au saa ya kuimeza. Kuanzia kesho ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, vuta pumzi kidogo, ndipo usimame. Macho nayo yapimwe. Mtoto wa jicho huingia polepole, na mtu hudhani ni taa ndiyo hafifu. Kwa mstaafu wa serikali aliyechangia bima ya afya ya NHIF kadi ipo, itumie.

Kisha salamu ya asubuhi. Kila siku ukishaamka, kabla hata ya chai, tuma ujumbe wa sauti kwenye kundi, hilo hilo la Masuala ya Mama utakaloingizwa: "Nimeamka salama." Mkubaliane kwamba ikifika saa mbili haujasikika, kaka yao anampigia jirani, na jirani ana ufunguo wa akiba. Huyo jirani mchague wewe, na watoto wako wote wawe na namba yake. Kuingia bafuni, simu iwe shingoni kwenye kimfuko. Wengine wataona ni ushamba, lakini ungekuwa nayo siku ile usingelala pale chini ukimwita mtu asiyejua kama unaita.

La tatu, usiku usilale peke yako kwenye boma. Morogoro ni mji wa vyuo, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kipo, Chuo Kikuu cha Waislamu kipo, na wanafunzi wanahangaika kila mwaka kutafuta vyumba. Chumba kimoja mpe binti wa chuo kwa kodi nafuu, kwa sharti awe analala hapo na akusikie usiku. Mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa aandikishwe, wazazi wake uongee nao. Wewe ni mwalimu, utamjua mtoto mwenye adabu kwa kumtazama anavyoingia mlangoni. Mwanao alitaka mpangaji, basi huyu ndiye, ila hapa mwenye nyumba unabaki ndani.

Kisha sema lile ambalo wazee wengi hawataki kulisema, na ukilisema wewe kwanza, kikao kitabadilika. Waambie itafika siku hutaweza. Mkubaliane mapema ni dalili zipi: labda ukianguka tena ukaumia, au ukianza kusahau dawa au jiko la moto, au daktari akisema. Siku hiyo utakwenda, bila kubembelezwa, na useme utakwenda kwa nani kati yao. Huenda ni Mwanza badala ya Goba, huenda ni mmoja wao kuhamia kwako. Mkiandika hayo kwenye muhtasari, wanao watajua kwamba hukatai msaada wao. Watalala. Na wewe hutaishi ukisikiliza mlio wa gari getini.

Binti yako amezungumzia aibu. Naijua aibu hiyo ni ya kweli mijini na vijijini, kijana mwenye gari na nyumba, mama yake akaonekana peke yake, watu husema. Usimdharau mwanao kwa kuijali. Msaidie. Siku ya jumuiya, au mkiwa kwenye kikoba, sema kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mwanao alikuchukua, akakutunza mkono mpaka ukapona, na kwamba umerudi kwa kupenda kwako. Maneno hayo yakitoka kwako, hakuna wa kuyapinga. Goba nenda, tena mara kwa mara, kwa treni, wiki moja au mbili, ukiwa mgeni mwenye tarehe ya kurudi. Na likizo za Juni na Desemba wajukuu waje Bigwa. Ukifika nao sokoni kwa Chifu Kingalu, mpe yule mdogo noti, mwambie anunue ndizi na akuletee chenji sahihi. Hesabu ya pale haina Kiingereza wala njia nyingine, na mwalimu ni wewe.

Na hela, mama, usirudishe. Ukirudisha hela ya mtoto, atasikia umemrudisha yeye. Pokea, shukuru, halafu mwezi huu umwambie wa Goba hivi: hii ya sasa isije kwenye simu, njoo nayo Jumamosi, tununue chuma cha bafuni, na ukae hapo umsimamie fundi mpaka akipigilie.